Nchi Itoayo Moto, Je, Yaweza Kutunza Moshi?

Hapa kwetu Uvira hakuna mama asiyejua bei ya gunia la makala. Asubuhi na mapema twawaona wauzaji wakishuka kutoka milimani, wengine na baiskeli, wengine na mzigo kichwani, na kila mwaka wanatuambia kwamba miti iko mbali zaidi. Ugali wetu na ndagala zetu huiva kwa miti ya mlima. Mti ukiisha kukatwa, mlima unabaki mtupu. Na mvua ikinyesha, mlima wenyewe unashuka mpaka nyumbani kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu kwa makumi. Hatusemi kwamba makala peke yake ndiyo yaliyoleta msiba ule, maana mvua ilikuwa kubwa mno. Lakini mlima usio na miti hauzuii maji, na jambo hilo hata mtoto wa shule ya msingi alijua.

Kwa sababu hiyo nilitega sikio siku moja katika mkutano wa shirika letu, kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni aliponiuliza neno.

"Mwalimu," akasema, "nimesoma kwamba kule Ulaya watu wanalipwa fedha ili waufukie moshi wa viwanda chini kabisa ya ardhi. Sisi tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470. Tuna milima, tuna bonde refu. Kwa nini tusifukie moshi wao hapa kwetu, tupate fedha, tuache kukata miti?"

Wazee wakacheka. Mmoja wao akamjibu: "Mwanangu, moshi haufukiwi. Moshi hupanda."

Mimi sikucheka. Swali lilikuwa zuri, na jibu lake lahusu nyumba zetu wenyewe. Basi nimelitafuta jibu hilo katika vitabu na kwa kuwauliza wenye elimu ya mawe, nami naliandika hapa ili tulitafakari pamoja.

MOSHI USIOONEKANA

Tuanze na moshi wenyewe. Makala yakiungua katika mbabula, mwishoni twaona majivu kidogo tu, nasi twafikiri kwamba makala yamekwisha. Hayakwisha, bali yamegeuka hewa. Kaboni iliyokuwa ndani ya makala imeshikana na oksijeni, ikawa gazi ambayo wenye elimu huiita gazi kaboniki. Mimi hapa nitaiita hewa ya makala. Haina rangi, na pua zetu haziisikii. Kilo moja ya makala hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa hiyo, maana oksijeni nayo ina uzito wake. Wala si ile sumu iwauayo watu waliolala na mbabula katika chumba kilichofungwa; ile ni ndugu yake mwingine, naye ni mkali zaidi.

Hewa ya makala si kitu kibaya kwa asili yake. Miti huivuta na kujijenga kwayo. Mti ukiungua, huirudisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, kama mtu akopaye na kulipa. Shida ilianza watu walipochimba makaa ya mawe, petroli na mazuti, yaani kaboni iliyolala ndani ya nchi kwa mamilioni ya miaka, wakaiunguza yote kwa haraka. Kabla ya zamani za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya makala. Leo ni zaidi ya 420. Hewa hiyo hufanya kazi kama blanketi juu ya dunia: joto la jua laingia, lakini kutoka halitoki vema. Ndiyo maana nchi na bahari zinapata joto, na mvua imeacha desturi zake.

Mkongomani wa kawaida hutoa hewa hiyo kidogo sana, mbali chini ya mtu wa Ulaya au wa Marekani. Lakini mvua ikiharibika haiulizi ni nani aliyewasha moto.

WENZETU WANAVYOIFUKIA

Mzee wetu alisema kweli: moshi hupanda. Basi wanaufukia namna gani? Kuna njia mbili, na yafaa kuzitofautisha vizuri.

Njia ya kwanza ni ya chungu na kifuniko. Katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, mahali paitwapo Sleipner, wachimbaji wa gazi wamekuwa wakisukuma hewa ya makala chini ya bahari tangu mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikaribia tani milioni moja kwa mwaka. Wanaiingiza katika jiwe la mchanga lililo karibu mita 1,000 chini. Jiwe hilo lina vitundu vidogo vidogo, kama mkate. Hicho ndicho chungu. Juu yake umelala udongo mgumu mnene usiopitisha kitu. Hicho ndicho kifuniko. Tena kina chasaidia: ukipita mita 800 hivi, uzito wa mawe na maji huibana hewa hiyo mpaka inakuwa nzito kama kimiminiko, na tani nyingi zapata nafasi katika mahali padogo. Lakini angalia: humo ndani bado ni gazi iliyobanwa. Usalama wote unategemea kifuniko kisiwe na ufa.

Njia ya pili ni ya kugeuza hewa kuwa jiwe. Hiyo wameijaribu watu wa Iceland, kisiwa chenye volkano nyingi, mahali paitwapo Hellisheiði. Huko hewa ya makala huyeyushwa kwanza ndani ya maji, kama hewa iliyomo katika chupa ya limonadi. Maji hayo makali humiminwa katika mawe meusi ya volkano, yaani basalti. Maji hula jiwe kidogo kidogo, yakatoa humo chokaa na madini mengine. Chokaa na hewa ya makala vikikutana, vinagandamana vikawa jiwe jeupe ndani ya vitundu vya jiwe jeusi. Walianza kujaribu mwaka 2012, na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba zaidi ya sehemu 95 katika 100 zilikuwa zimekwisha kuwa jiwe kabla ya kupita miaka miwili. Hapa hakuna haja ya kuogopa ufa, maana jiwe halipandi. Gharama yake ni maji: kila tani moja ya hewa yataka maji kama tani 25.

Sasa tujiulize: nchi yetu ya pwani ya Tanganyika yafanana na ipi katika hizo mbili?

NCHI INAYOPASUKA

Simama Kavimvira au Kalundu utazame magharibi. Mlima wapanda wima kama ukuta, na huko nyuma, Itombwe, vilele vyapita mita 3,000. Geuka utazame mashariki: ziwa, na ng'ambo yake milima ya Burundi, nayo ni ukuta. Kati ya kuta hizo mbili nchi imeshuka chini. Hili ndilo Bonde la Ufa, na jina lake ni la kweli: Afrika inapasuka hapa, polepole sana, na ziwa letu limekaa katika ufa ule kwa mamilioni ya miaka. Matetemeko ndiyo sauti ya mpasuko huo. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa lilitikiswa upande wa Kalemie kwa nguvu ya 6.8, na Februari 2008 Bukavu na jirani zake walitikiswa, kuta zikaanguka, watu wakafa.

Katika nyufa hizo kuna vitu vinavyopanda. Mwezi wa Aprili 1987 wataalamu waligundua chemchemi za moto chini ya maji ya ziwa hili, upande wetu wa Kongo, mahali pawili: Pemba (si kile kisiwa cha Zanzibar, bali Pemba yetu ya ufukoni) na rasi ya Banza, kwenye ncha ya Ubwari. Mwaka 1991 walirudi, Wafaransa, Wakongomani, Wajerumani na Warundi pamoja. Wazamiaji 10 walishuka majini, wakakuta chemchemi hata kwenye kina cha mita 46. Walipima joto la digri 53 mpaka 103. Banza waliona vibomba vyeupe vya mawe, vingine vyenye urefu wa sentimita 70, vilivyojengwa na maji yale ya moto. Pemba waliona madini yaliyoganda katika nyufa. Kwa kuchunguza chumvi zilizomo ndani ya maji, walikadiria kwamba huko chini yalikotoka, joto ni kama digri 219 upande wa Pemba na digri 179 upande wa Banza.

Na pamoja na maji ya moto, ni gazi gani iliyokuwa ikitoka? Ni ile ile hewa ya makala! Tena walipoichunguza, waliona dalili kwamba huenda inatoka kwenye mawe yaliyoyeyuka, chini kabisa.

Basi nadhani msomaji ameanza kuliona jibu. Kijana wetu auliza kama twaweza kufukia hewa ya makala katika pwani yetu. Lakini pwani yetu yenyewe inapumua hewa hiyo, usiku na mchana, kupitia nyufa zake. Methali yasema akiba haiozi. Ni kweli, lakini nani aweka akiba ya maziwa katika chungu kilichopasuka, ambacho anaona kwa macho yake kinavuja?

GHALA LENYE KIFUNIKO CHA MAJI

"Basi tuimimine katika ziwa," kijana atasema. "Mita 1,470 ni kina kikubwa." Hapa sharti niseme wazi na kwa nguvu, maana jambo hili ni la uhai na kifo.

Ndugu zetu wa Goma na Sake wana neno, mazuku. Ni ile hewa isiyoonekana itokayo ardhini karibu na volkano, ikajikusanya mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akishuka bondeni asubuhi anaanguka. Mtoto akimfuata anaanguka naye. Mazuku ni hewa ya makala tu, iliyojaa mahali pamoja mpaka hakuna nafasi ya kupumua. Wenye elimu wa nchi nyingine wamelichukua neno letu hili la Kiswahili, wakaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao.

Tena, huko Kamerun liko ziwa dogo liitwalo Nyos. Hewa ya makala ilikuwa imejikusanya chini ya maji yake, ikibanwa na uzito wa maji, pasipo mtu kujua. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 maji ya chini yalipanda ghafula, na hewa ikalipuka kutoka majini kama chupa ya limonadi iliyotikiswa na kufunguliwa. Ilishuka mabondeni. Watu kama 1,700 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala, pamoja na ng'ombe kwa maelfu. Baadaye, mwaka 2001, waliweka bomba refu la kuitoa hewa hiyo kidogo kidogo, ili isijikusanye tena.

Na sisi je? Kaskazini yetu kuna ziwa Kivu. Humo chini zimeyeyuka kilomita za ujazo kama 300 za hewa ya makala na kama 60 za gazi metane, nyingi kupita kiasi kuliko za Nyos. Zimetulia kwa sababu maji ya chini ni mazito na ya chumvi, na maji ya juu yanayakalia. Yaani ziwa Kivu ni ghala lililojazwa na volkano, na kifuniko chake ni maji. Zaidi ya watu milioni mbili wanakaa kandokando yake.

Kwa hiyo mtu akija kwetu na maneno matamu, akasema ana mpango wa kuweka hewa ya makala katika vilindi vya maziwa yetu, tumjibu kwamba ghala la namna hiyo tunalo moja tayari, tulipewa bila kuomba, na kazi yetu ni kulipunguza, si kuliongeza. Ziwa Tanganyika latupa samaki na maji ya kunywa. Lisigeuzwe kuwa Kivu ya pili.

NCHI YETU HUTOA

Je, nchi yetu haina faida basi? La hasha! Kosa lingekuwa kuitaka itunze, hali imeumbwa kwa kutoa. Inatoa moto.

Tena imeanza kututumikia zamani kuliko tunavyofikiri. Zamani sana maji ya Kivu yalitelemka kaskazini. Volkano za Virunga zikaota, zikaziba njia kama ukuta. Ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini, likatelemka mpaka Tanganyika. Mlango huo ndio mto Ruzizi. Maporomoko ya Ruzizi ndiyo yanayozungusha mashine za umeme tangu miaka ya 1950, na mtambo wa pili ukaongezwa mwaka 1989. Basi taa iwakayo Uvira, siku ile inapowaka, ni zawadi ya moto wa ndani ya nchi, uliotujengea ukuta wa kukinga maji.

Gazi metane ya Kivu nayo huungua. Tangu mwaka 1963 kiwanda cha bia cha Gisenyi, upande wa Rwanda, kilipasha mitungi yake kwa gazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1975 nchi zetu mbili zilitia sahihi mkataba wa kuitumia pamoja. Mwishoni mwa 2015 mtambo wa KivuWatt, kwa Wanyarwanda, ulianza kutoa megawati 26 za umeme. Wanavuta maji kutoka mita 350 hivi, wanatenga metane, na maji yenye hewa ya makala wanayarudisha kilindini kwa uangalifu, ili wasivuruge matabaka ya ziwa. Metane ikiungua hutoa hewa ya makala, sikatai. Lakini ikiachwa ilipuke, ni hatari mara nyingi zaidi.

Kisha liko joto lenyewe. Wengi hawajui kwamba Kongo ndiyo iliyotangulia Afrika katika kazi hii. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, mtambo mdogo wa karibu kilowati 200 ulizungushwa kwa maji ya chemchemi yenye joto la digri 91, ukapeleka umeme kwenye mgodi. Ulifanya kazi miaka michache, kisha ukaachwa. Kenya walianza baada yetu: walichimba visima vya kwanza Olkaria mwaka 1956, wakakata tamaa kidogo, wakarudi, na mwaka 1981 mashine yao ya kwanza ya megawati 15 ikazunguka. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya watoka katika mvuke wa Bonde la Ufa, ufa ule ule mmoja, tawi la mashariki. Sisi tuliotangulia tumebaki na makala. Waliochelewa wanawasha taa zao kwa mvuke.

Tofauti haikuwa joto. Ilikuwa uvumilivu: miaka 25 kutoka kisima cha kwanza mpaka taa ya kwanza.

Kijana wangu anaweza kusema: "Lakini basalti je? Jiwe halipandi, umesema mwenyewe." Naam, na hapa namsifu. Mawe meusi ya volkano yapo, karibu na Bukavu na mahali pengine pa Kivu. Huko Kenya, Gilgil, kampuni changa ya Octavia Carbon imejaribu mashine za kunasa hewa ya makala kutoka hewani, na pamoja na wenzao wa Cella wamekusudia kuishusha katika mawe ya volkano, kama watu wa Iceland. Nguvu ya kuzungusha kazi hiyo yatoka katika joto lile lile la ardhini. Ukitazama utaona utaratibu mzuri: kwanza moto wa nchi utumike badala ya mazuti na makala, kisha, nguvu ikibaki, itumike kuirudisha hewa katika jiwe. Mwenye kuanza na la pili kabla ya la kwanza anajenga paa kabla ya ukuta.

MASWALI YA KUWAULIZA WAJAO

Mambo haya si ya vitabu tu. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya petroli na 3 ya gazi. Maeneo 11 ya petroli yalikuwa katika bonde la Tanganyika, na yale ya gazi yalikuwa ziwa Kivu. Mnada wa petroli ulifutwa Oktoba 2024. Lakini walioitazama ramani yetu mara moja wataitazama tena, wakiwa na mipango ya kutoa au ya kuweka. Siku hiyo wataleta karatasi, na wataomba sahihi za machifu na wakubwa wa mitaa. Basi tujifunze mapema maswali ya kuwauliza.

Swali la kwanza: kitu mnachotaka kukiweka chini, kitabaki gazi au kitakuwa jiwe? Kama kitabaki gazi, kifuniko kiko wapi, na nyufa zake mmezipima? Waonyeshe vipimo vya matetemeko, si picha nzuri tu.

La pili: maji ya kazi hiyo yatatoka wapi? Kina mama wa mjini wanaobeba bidoni kutoka ziwani wana haki ya kujua kabla ya mtu mwingine yeyote.

La tatu: umeme utafika kwetu, au utapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini? Kiabukwa iliangazia mgodi, na mgodi ulipoacha kuihitaji, hakuna kijiji kilichorithi taa.

La nne: nani atahamishwa, na nani atalinda haki yake? Huko Olkaria, jamaa za Wamasai walihamishwa mwaka 2014 kwa ajili ya mtambo mpya. Wengi walilalamika juu ya nyumba, mashamba na ahadi, wakapeleka mashtaka yao kwa Benki ya Dunia na kwa benki ya uwekezaji ya Ulaya, mpaka wakakalishwa pamoja na kampuni kupatanishwa. Mvuke ni safi, lakini njia ya kuupata yaweza kuwa chafu. Watu wale walisikilizwa kwa sababu waliandika, walihesabu, wala hawakunyamaza.

La tano: miaka 50 baadaye, kampuni ikiwa imekwisha kuondoka, nani atakilinda kisima? Hewa iliyowekwa chini haijui tarehe ya mkataba. Kama jibu ni "serikali itaangalia", ombeni jina la ofisi na fungu la fedha.

TUFANYE NINI SASA?

Mtu ataniuliza: mama wa Uvira afanye nini leo jioni, maana mvuke wa Pemba hauwezi kumchemshia maharagwe? Ni kweli. Mimi nasema mambo matatu, madogo na makubwa.

Kwanza, ghala la hewa ya makala lisilohitaji kampuni ni mti uliosimama, na ghala hilo huzuia maji pia. Kila familia yenye kipande cha mteremko ipande, kila shule ipande, na anayechoma makala apande kabla ya kukata. Mbabula iliyofinyangwa vizuri kwa udongo, yenye kutunza joto, hupunguza gunia la mwezi. Hilo kila mama aliyejaribu amekwisha kuliona.

Pili, tudai umeme wa Ruzizi ufike katika mitaa yote na udumu, maana huo uko karibu kuliko wote. Kuzungumzia mvuke wa digri 219 huku nguzo za umeme zimelala ni kuruka ngazi.

Tatu, na hili nalisema kwa wazazi wenye watoto wa sekondari: pelekeni baadhi yao wakajifunze mawe na maji. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa maji ya ziwa. Lwiro kuna kituo cha sayansi tangu zamani za Wabelgiji. Goma wako walinzi wa volkano. Vituo hivyo vinahitaji vijana wajuao pwani hii, wanaojua ni wapi wavuvi husema maji ni ya vuguvugu, ni mlima gani ulipasuka baada ya tetemeko gani, ni chemchemi gani ilibadilika rangi. Mgeni akija na mashine yake hukaa wiki sita, akaondoka na vipimo vyake. Mtoto wa hapa ataangalia kwa miaka 40.

Kuna wanaosema kwamba maskini hana haki ya kuchagua, na kwamba akiletewa fedha za kufukia moshi azipokee, ashukuru. Mimi sikubali. Maskini ndiye apaswaye kuchagua kwa makini kuliko tajiri, kwa sababu hana nyumba ya pili ya kukimbilia. Tulijua hilo Aprili 2020, tukiwa tumesimama matopeni na kuhesabu watoto wetu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni hili. Wazo lako ni jema, lakini umelielekeza mahali pasipolifaa. Usiwaombe watu walete moshi wao katika nyufa zetu; omba moto wetu utumike vizuri kwa ajili ya watu wetu, na usikubali kitu kiwekwe chini yetu mpaka kiwe jiwe. Ukitaka kujua zaidi, vitabu vya mawe vipo, na vituo vina milango. Nenda ukabishe hodi.